Kuota Moto Parklands: Msamiati wa Joto na Starehe katika Kiswahili cha Nyanda za Juu

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo linaloonekana dogo lakini lenye uzito wake katika taaluma ya lugha, nalo ni namna Kiswahili kinavyoitaja raha ya mtu anayejikinga na baridi. Swali hili limezushwa na neno la kigeni. Mwaka 2016 Meik Wiking, mwandishi wa Denmark, alichapisha kitabu kuhusu neno la Kidenishi hygge, na kitabu hicho kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka huohuo wahariri wa kamusi za Oxford waliliorodhesha neno hilo miongoni mwa yale yaliyoshindania nafasi ya kuwa neno la mwaka. Na mwaka 2017 likaingizwa katika kamusi yao kubwa ya Kiingereza. Tangu hapo wanafunzi wa tafsiri hawakosi kuuliza: neno hili tuliseme vipi kwa Kiswahili?

Jibu linalotolewa upesi ni starehe. Wengine husema raha, wengine utulivu. Nitajaribu kuonyesha kwamba majibu hayo hayatoshi, na kwamba kutotosha kwake hakutokani na ufukara wa msamiati wetu. Maneno mengi ya raha katika Kiswahili yalikomaa katika nchi ya joto, ambako mwenye kutafuta raha hutafuta ubaridi. Hata hivyo, chini ya tabaka hilo la maneno limo tabaka jingine, la kale zaidi, ambalo kiini chake ni kitenzi kuota kwa maana ya kupata joto kwenye moto au juani. Hoja yangu kuu ni kwamba Kiswahili huitaja starehe ya joto kama tendo la watu waliokaa pamoja, wala si kama hali ya moyo. Na mwenye kutafsiri, mwenye kutunga kamusi na mwenye kuandika maonyo ya afya wote wana haja ya kulijua jambo hilo.

Mifano imetoka hasa Parklands, kitongoji kilicho kaskazini-magharibi ya kitovu cha jiji la Nairobi. Nimekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, hapa wanakutana wasemaji wa lugha nyingi ambao Kiswahili ndicho kiungo chao cha kila siku. Pili, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, baridi ya mahali hapa huwalazimisha watu kusema juu ya joto, hata wale ambao kwa kawaida hawana la kusema juu yake.

2. Neno la Kidenishi na mazingira yake

Yafaa kwanza tulifahamu neno lenyewe. Hygge liliingia katika Kidenishi kutoka Kinorwe, na wataalamu wengi wa asili za maneno hulihusisha na neno la kale la watu wa kaskazini lenye maana ya kufariji. Hutumiwa kwa kikao cha watu wachache wanaoaminiana, katika mahali padogo penye mwanga hafifu, huku nje kukiwa na baridi na giza. Chakula chake si cha karamu. Ni mkate, supu au kinywaji cha moto. Denmark hutajwa miongoni mwa nchi za Ulaya zinazowasha mishumaa kwa wingi zaidi kwa kila mtu, na sababu yake ni wazi kwa anayejua jiografia: katika jiji la Copenhagen mchana wa mwezi Desemba hudumu kwa muda wa saa 7 tu. Mshumaa hapo ni silaha ya kupigania mwanga kabla haujawa pambo.

Jambo moja la kisarufi halikuangaliwa vya kutosha na waliolieneza neno hili nje ya Denmark. Katika Kidenishi, hygge ni nomino na ni kitenzi vilevile. Na kitenzi hicho hutumiwa kwa namna ya kujirejea, kama tusemavyo katika Kiswahili kujipumzisha au kujituliza. Lugha zilizolikopa zimechukua zaidi nomino na kukiacha kitenzi. Nomino ikishatengwa na tendo lake ni rahisi kuigeuza bidhaa, na ndivyo ilivyotokea: soksi, mablanketi na mishumaa vimeuzwa kwa jina hilo kana kwamba hygge ni kitu cha kubebwa mfukoni. Tukitafuta nomino moja ya Kiswahili ya kulitafsiri, tutakuwa tumeingia katika mtego uleule.

3. Baridi ya Nairobi

Nairobi iko kusini kidogo mwa ikweta, katika kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wake na usiku wake hukaribia kulingana mwaka mzima. Kwa hiyo hakuna majira ya giza refu. Baridi ya Nairobi huletwa na wingu. Tangu mwezi wa Juni jua huwa limesogea kaskazini, na pepo za kusini-mashariki huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Hewa hiyo ikipandishwa na miinuko ya nyanda za juu hupoa, ikafanya wingu zito la chini ambalo huweza kulifunika jiji kwa siku kadha mfululizo. Alfajiri za Julai kipimajoto hushuka mara nyingi hadi nyuzi 11 au 12 za Selsiasi, na siku nyingine hata chini ya hapo. Mchana hakipandi sana zaidi ya nyuzi 21 au 22.

Mgeni kutoka kaskazini ya dunia hucheka asikiapo kwamba hiyo ni baridi. Katika nchi nilikosomea shahada ya uzamili theluji ilifika magotini, lakini ndani ya nyumba watu walivaa fulana za mikono mifupi, kwa kuwa mabomba ya maji ya moto yalipita katika kila chumba. Huko joto hupewa nyumba, na nyumba huwagawia watu. Nyumba ya mawe ya Nairobi haina mabomba hayo. Nyuzi 14 zilizoko uani ndizo pengine zilizoko sebuleni, na sakafu ya saruji huzizima. Kwa hiyo joto hapa hupewa mtu mwenyewe: kwa sweta, kwa blanketi, kwa kikombe cha chai ya tangawizi, kwa mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na pilipili, na kwa moto. Tofauti hii ina athari yake katika lugha. Penye nyumba iliyopashwa joto, starehe ni sifa ya mahali. Mahali pasipo na joto, starehe ni kazi ambayo mtu hana budi kuifanya.

Vitabu vya shule huyaita majira haya kipupwe. Neno ni zuri, ila lilizaliwa Pwani. Huko kipupwe ni neema: jua kali la kaskazi limepita, mvua kubwa za masika zimekatika, na upepo wa kusi unaburudisha. Mjini Mombasa mchana wa Julai bado hufikia nyuzi 27 au 28. Mwanafunzi wa Limuru, anayekwenda shuleni katika ukungu na manyunyu huku vidole vimekufa ganzi, hufundishwa neno ambalo kwa waliolianzisha lilikuwa jina la nafuu. Hakuna ubaya katika kupanuka kwa maana. Lugha zote hupanuka hivyo. Ubaya uko katika kamusi na vitabu vinavyoeleza upande mmoja wa maana hiyo, kana kwamba wasemaji wa nyanda za juu bado ni wageni katika lugha hii.

4. Starehe iliyo baridi

Tukiyachunguza maneno ya raha katika Kiswahili sanifu tutaona jinsi yanavyoelemea upande wa ubaridi. Tutazame mifano ifuatayo:

(1) burudika, burudisha, burudani
(2) poa, poza
(3) punga upepo, punga hewa
(4) barizi, baraza

Maneno ya (1) yametoka katika mzizi wa Kiarabu b-r-d, ambao ndio pia uliotupa neno baridi. Burudani, kwa asili yake, ni kupata ubaridi. Na leo tunalitumia kwa ngoma, michezo na nyimbo, hata zile zinazowatoa watu jasho. Maneno ya (2) ni ya asili ya Kibantu. Kitu kilichopoa kimepungua joto, mtu aliyepoa ametulia, na mwenye kupoza huondoa ukali wa homa au wa ugomvi. Vijana wa Nairobi na wa Dar es Salaam wakiulizwa hali hujibu poa, nao wanadumisha fikira hiyohiyo ya wazee. Maneno ya (3) na (4) ni ya mtu aliyetoka ndani akakaa penye hewa. Baraza ya nyumba ya mwambao ni mahali pa mazungumzo kwa sababu ni mahali pa upepo.

Upande wa pili, maneno ya joto kwa sehemu kubwa ni ya taabu: hari, harara, fukuto, jekejeke. Moto nao ni mfano wa ghadhabu na vita, ndiyo maana husemwa kwamba dawa ya moto ni moto, na mtu aliyekasirika huambiwa anawaka. Hata vuguvugu, ambalo ni joto la kiasi, limechukuliwa na waandishi wa siasa kwa maana ya mwamko wenye fujo.

Yako maneno mengine ya raha ambayo hayaegemei ubaridi wala joto. Starehe na raha yanahusiana na maneno ya Kiarabu ya kupumzika. Faraja inadai kwamba kulikuwa na dhiki kwanza. Utulivu unaweza kuwa wa mtu mmoja, hata wa makaburini. La ajabu zaidi ni anasa. Mzizi wake wa Kiarabu ni wa uzoefu na mapenzi baina ya watu, wa kuondoleana upweke, yaani maana iliyo karibu mno na hygge. Lakini katika Kiswahili neno hilo limehamia upande wa ubadhirifu na mambo ya fahari. Anayesema kwamba familia ilikaa kwa anasa kando ya jiko atakuwa amesema kinyume cha alichokusudia.

Starehe yenyewe haikusalimika katika safari hii. Katika Nairobi, mtu anayependa starehe huaminiwa kuwa ni mtu wa vilabu na matumizi. Mtafsiri anayeandika kwamba Wadenishi wanapenda sana starehe atamfanya msomaji wake awafikirie watu wa namna nyingine kabisa.

Athari ya mwelekeo huu huonekana pia katika insha za wanafunzi wetu. Mara kwa mara huandika kwamba mgeni alipewa makaribisho ya joto. Sentensi hiyo ni Kiingereza kilichovikwa kanzu. Mzee wa Lamu akiisoma atadhani mgeni aliketishwa chumba kisicho na dirisha. Kiswahili kina namna yake: mgeni hupokewa kwa mikono miwili, kwa bashasha, kwa shangwe.

5. Kitenzi kuota na ukale wake

Je, Kiswahili hakina neno la raha inayoletwa na joto? Kinalo, nalo ni kuota, kama katika kuota moto na kuota jua. Kamusi hukitenga kitenzi hiki na vingine viwili vinavyofanana nacho kwa sauti: kuota kwa mmea na kuota ndoto. Nomino zinazohusiana navyo zinathibitisha kwamba tuna mizizi mitatu tofauti:

(5) ota (mmea): uoto
(6) ota (usingizini): ndoto
(7) ota (joto): moto, joto

Mfano wa (7) unahitaji maelezo. Wingi wa moto ni mioto, na wingi huo unafichua shina -oto lenye viambishi vya ngeli ya M-MI. Katika joto tunaliona shina lilelile likiwa na kiambishi cha ngeli ya JI-MA. Wataalamu wa isimu linganishi ya Kibantu wamejenga upya mzizi *-yot- wenye maana ya kupata joto motoni, na nomino ya moto hufikiriwa kuwa imetokana na mzizi huo. Ikiwa ni hivyo, moto kwa jina lake la asili haukuwa kitu kinachounguza, wala kitu kinachopikia. Ulikuwa kitu cha kuotwa. Starehe ya kukaa kando yake ndiyo iliyoupa jina.

Ulinganisho na Kikuyu, lugha ya nyanda za juu inayozizunguka pande kadha za Nairobi, unatufaa hapa. Kikuyu pia kina kitenzi -ota kwa maana ya kuota moto. Lakini kuota ndoto ni -roota, na ndoto ni kĩroto. Yaani Kikuyu kimehifadhi konsonanti ambayo Kiswahili kimeipoteza katika kitenzi, na kwa hiyo vitenzi hivi viwili havikugongana. Aidha, moto kwa Kikuyu ni mwaki, neno lenye uhusiano na kuwaka. Lugha ya watu wa baridi imeuita moto kwa kuwaka kwake, na lugha ya mwambao wa joto imebaki na jina la kuota. Jambo hili linatuonya tusidhani kwamba msamiati ni kioo cha hali ya hewa tu. Kiswahili kilishuka Pwani na mzigo wake wa maneno kutoka bara, na baadhi ya mzigo huo haukufunguliwa mpaka lugha iliporudi kwenye baridi.

Tukikinyambua kitenzi hiki tunaona mipaka yake. Kauli ya kutendea inakubalika, kama katika mahali pa kuotea moto, ingawa hugongana na kuotea kwa maana ya kuvizia. Kauli ya kutendesha, otesha, imetekwa na kitenzi cha mmea: mkulima huotesha miche. Nomino uoto nayo imechukuliwa na walimu wa jiografia kwa mimea ya nchi. Kwa hiyo anayetaka kuunda istilahi ya hygge kutokana na mzizi huu atakuta milango mingi imefungwa. Wala kulitohoa neno la Kidenishi likawa hige au huge hakutusaidii. Tutakuwa tumeongeza kidahizo bila kuongeza fahamu.

6. Moto wa langoni

Kitenzi kisipounda nomino hakiwi maskini kwa hilo. Tutazame kinavyotumika Parklands. Kitongoji hiki kilianza kama makazi ya Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye kikawa makao ya familia nyingi zenye asili ya Bara Hindi. Katika nyumba kadha za zamani bado mtu huona dohani juu ya paa, ishara ya meko ya sebuleni. Maghorofa marefu yaliyojengwa katika miongo ya karibuni hayana dohani. Wenye uwezo hutumia hita ya umeme, na wengine hujifunika shali. Jioni, katika vibanda vya chakula vya Diamond Plaza, watu hukaa na chai ya viungo na bajia za moto, na baada ya hapo tambuu. Hiyo ni sura moja ya raha ya majira haya, nayo ina wasemaji wa Kigujarati, Kipunjabi, Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja.

Lakini moto wenyewe umehamia nje, langoni. Bawabu wa usiku huokota vijiti na vipande vya mbao, akawasha moto mdogo ardhini au ndani ya debe lililotobolewa. Bawabu wa lango la pili husogea, na baada yake dereva anayemngoja mwajiri wake, na pengine muuza mahindi anayerudi nyumbani. Mmoja ni Mluhya, mwingine Mkamba, mwingine Mkisii, mwingine Mturkana. Lugha ya moto huo ni Kiswahili, na sentensi zake ni za namna hii:

(8) Karibu moto, mzee.
(9) Sogea kidogo, na mimi niote.
(10) Njoo tuote, leo baridi imekaza.
(11) Umeota vya kutosha, kazunguke ua.

Mambo matatu yaonekana. La kwanza, yambwa hudondoshwa: wasemaji husema niote, tuote, bila kuutaja moto, kwa kuwa kila mtu anauona. La pili, karibu moto imefuata muundo wa karibu chakula. Moto ni kitu cha kushirikiwa, na kumnyima mtu nafasi ni uchoyo kama kumnyima tonge. La tatu, heshima za umri huzingatiwa: mzee hukaribishwa upande usio na moshi, na kijana ndiye anayesukuma vijiti. Jifya moja haliinjiki chungu, nao mtu mmoja huota kwa nadra. Aghalabu wako wawili au watatu, na soga hufuata bila kuitwa.

Hapa ndipo ilipo hygge ya Nairobi, kama lazima tuitafute: watu wachache, mahali padogo, mwanga hafifu, chakula duni kilichokuwa kitamu kwa sababu ya saa yake. Tofauti ni kwamba Mdenishi yuko ndani amelifungia nje giza, na bawabu yuko nje akiwalinda walio ndani. Haifai tuipambe hali hiyo. Bawabu anaota moto kwa sababu anakesha, na anakesha kwa sababu ya ujira. Starehe yake ni ya kuibia kazi dakika chache.

Historia ya Nairobi inatukumbusha kwamba moto uleule unaweza kugawa lugha mbili. Mwandishi wa Denmark, Karen Blixen, aliishi chini ya vilima vya Ngong tangu 1914 hadi 1931, na masimulizi ya jioni na wageni wake kando ya meko ni sehemu inayojulikana ya maisha yake. Katika nyumba za walowezi kwa jumla, waliokaa kando ya moto walizungumza lugha za Ulaya, na waliouwasha waliambiwa kwa Kisetla: lete kuni, washa moto, funga mlango. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha kufundisha Kiswahili cha bara kwa wanajeshi, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Lugha ya amri inahitaji leta na washa. Haina haja kubwa ya tuote, kwa kuwa mtumishi hakukusudiwa kuketi. Kitenzi kuota katika nafsi ya kwanza wingi ni alama ya usawa, japo kwa muda wa moto kuwaka.

7. Moshi usioonekana

Mpaka hapa huenda msomaji akaona kwamba tunashughulikia maneno tu. Lakini katika majira haya maneno yanabeba uhai wa watu. Karibu kila mwaka, miezi ya baridi ifikapo, husikika habari za watu, pengine familia nzima, waliofia usingizini baada ya kuingiza jiko la makaa chumbani na kufunga milango na madirisha. Wengi wao ni wakazi wa vyumba vidogo ambavyo havina moto mwingine ila huo waliopikia.

Sababu yake inajulikana. Makaa yakiungua penye hewa chache hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haina ladha. Ikivutwa huingia katika damu na kushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata mwili ukakosa oksijeni huku mtu anapumua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Dalili hiyo ya mwisho ndiyo hatari kuliko zote, kwa kuwa mtu aliyekuwa akitetemeka kisha akapata joto huona usingizi huo kuwa sehemu ya raha yake.

Lugha inahusikaje? Tuyatazame maneno yanayotumiwa katika maonyo: moshi wa jiko, hewa chafu, hewa ya ukaa. Kila moja lina kasoro. Katika matumizi ya kawaida moshi huonekana na huwasha macho. Desturi ya watu wa mijini ni kuliwasha jiko nje mpaka makaa yakolee na moshi ukatike, ndipo huliingiza ndani. Mtu huyo akiambiwa ajihadhari na moshi atajibu kwa dhati kwamba hakuna moshi. Onyo limemfikia, naye amelitii, na bado yumo hatarini. Hewa chafu ni neno la jumla mno; hutumiwa kwa vumbi, kwa uvundo wa mtaro na kwa adabu ya kuficha jambo jingine. Hewa ya ukaa imeshazoeleka katika maandishi ya mazingira kwa gesi nyingine, ile ya kaboni dioksaidi, ambayo sisi sote tunaitoa tunapopumua.

Kwa maoni yangu, onyo linalofaa ni lile linalokwenda na kitenzi ambacho watu wanakitumia tayari. Katika madarasa ya uandishi nimependekeza sentensi kama hizi:

(12) Jiko la makaa huotewa nje, au penye dirisha lililo wazi.
(13) Makaa yasiyotoa moshi yangali na sumu.
(14) Usilale na jiko. Ota, kisha litoe.

Sentensi hizi hazihitaji istilahi ya kemia, ingawa istilahi hiyo ni wajibu wetu kuieneza shuleni. Zinatumia elimu ambayo wasemaji wanayo, kwamba kuota ni tendo lenye mwanzo na mwisho, lenye mahali pake na wenzake. Anayeota yuko macho. Hatari huanza pale tendo la kuota linapogeuzwa kuwa hali ya chumba: mtu anapotaka jiko lifanye kazi ya mabomba ya nyumba za ng'ambo, yaani lipashe chumba joto usiku kucha huku yeye amelala. Hayo ni mambo ambayo jiko halikuundiwa, na kitenzi chetu hakikuyataja kamwe.

8. Hitimisho

Nimeeleza kwamba maneno ya raha katika Kiswahili sanifu yanaelemea ubaridi, kwamba chini yake limo tabaka la kale la kuota ambalo limehuishwa na wasemaji wa nyanda za juu, na kwamba tabaka hilo huitaja starehe kama tendo la ushirika. Kutokana na hayo natoa mapendekezo matatu.

Kwanza, watunzi wa kamusi waongeze mifano ya bara katika vidahizo kama kipupwe, ota, zizima na vuguvugu, ili maana zake zienee pande zote zinakosemwa. Pili, watafsiri wa neno hygge na mengine ya namna yake waache kuwinda nomino moja. Mahali pamoja kukaa kitako na kupiga soga kutafaa. Mahali pengine kuota moto. Mahali pengine kujifunika na kunywa chai. Muktadha ndio utakaoamua, na kitenzi kitafanya kazi kuliko nomino. Tatu, idara za lugha zishirikiane na wahudumu wa afya katika kuandika maonyo ya majira ya baridi, na maonyo hayo yajaribiwe kwanza kwa wasemaji wenyewe: mabawabu, wauza mahindi na wapangaji wa vyumba. Waulizwe wameelewa nini, kabla ya kubandikwa ukutani.

Kazi hiyo ya tatu haihitaji fedha nyingi wala mitambo. Inahitaji mwanaisimu ashuke ngazi jioni ya Julai, aende langoni, akaribishwe moto, na asikilize.